Silantoi na Darasa Lililoipa Diskriminanti Jina

Mimi naitwa Penina, Mmeru wa Kikatiti, na kazi yangu ni ukalimani wa lugha ya alama. Niliianza nyumbani, bila mshahara, kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alizaliwa kiziwi na mama alihitaji mtu wa kumweleza mtoto kwa nini amechapwa. Baadaye nikaisomea, nikaajiriwa katika shule moja ya sekondari pale Elerai, Arusha mjini, yenye kitengo cha wanafunzi viziwi. Huko ndiko nilikokutana na Silantoi Lemburis, mwalimu wa hisabati, na habari ninayotaka kusimulia ni yake.

Silantoi ni Mwarusha wa Olmotonyi. Baba yake, mzee Lemburis, ana ng'ombe wachache na shamba la mahindi na maharage linalopakana na msitu wa miti ya kupandwa. Silantoi alizaliwa anasikia vizuri. Alipokuwa darasa la pili akashikwa na homa ya uti wa mgongo, akalazwa hospitali, na aliporudi nyumbani akawa anamtazama mama yake akifungua mdomo na kuufunga, kisha basi. Aliwahi kuniambia kwamba kwa muda mrefu alidhani watu ndio walioacha kusema. Hakujua kama ni yeye aliyeacha kusikia. Akakasirikia kijiji kizima kwa kumnunia.

Baba yake alihangaika naye. Alimpeleka kwa watu wa maombi, akampeleka kwa mganga mmoja, halafu kwa mwingine aliyemtia maji ya majani masikioni mpaka yakatoa usaha. Mwisho mzee akachoka, akasema mtoto achunge ndama, kazi isiyohitaji masikio. Lakini mama, ambaye Silantoi humwita yeyo mpaka leo, alikuwa amesikia kanisani kwamba upande wa Kilimanjaro kuna shule ya msingi ya viziwi. Akafunga nguo za mtoto kwenye kanga, wakaondoka.

“Tulipofika getini,” Silantoi alinisimulia, “watoto walikuwa mapumziko. Kulikuwa na msichana anamsimulia mwenzake kitu kwa mikono, na yule mwenzake akacheka mpaka akakaa chini. Penina, nilitaka kujua anacheka nini. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka kula. Hata sikumuaga yeyo.”

Huko alipata lugha, na lugha ikampa mengine yote. Shida ilirudi alipoingia sekondari, maana alichanganywa na wanaosikia na hakukuwa na mkalimani. Walimu walifundisha wakiwa wamegeukia ubao. Historia kwake ikawa kisogo cha mwalimu. Jiografia ikawa kisogo kingine. Hisabati peke yake ilikuwa tofauti, kwa kuwa mwalimu wa hisabati angeongea atakavyo, lakini mwisho wa yote ilibidi aandike, mstari baada ya mstari, na Silantoi alikuwa na macho. Akapata A. Alipokwenda kuomba nafasi ya ualimu, mmoja wa waliomhoji alimwandikia kwenye kipande cha karatasi: utafundishaje wakati husikii? Naye akaandika chini yake: wanafunzi wangu nao hawasikii, nani atamlalamikia mwenzake? Wakamchukua.

Alipoletwa kwetu alikuwa hajafikisha miaka thelathini, mrefu, mwenye vidole virefu vinavyofanya hata salamu yake ipendeze kutazama. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Ndesanjo, Mchaga wa Machame, alimpokea vizuri, akampa meza karibu na dirisha na kikombe chake cha chai. Lakini alikuwa na wazo moja lililokaa kichwani mwake kama mwiba.

“Mwambie Madam,” aliniambia siku hiyo ya kwanza, “hawa watoto awafundishe zile nyepesi. Asilimia, vipimo, sehemu. Hizi za milinganyo ya x mraba asiwasumbue. Ni kuwaonea.”

Mimi natafsiri kila kinachosemwa mbele yangu, siongezi wala sipunguzi. Nikatafsiri. Silantoi akamtazama mkuu, si mimi, akajibu kwa mikono, nami nikatoa sauti: “Mkuu, na mimi walitaka kunionea huruma hivyohivyo. Ningekuwa nachunga ndama mpaka leo.”

Mwalimu Ndesanjo akacheka, akakuna shingo. “Haya. Jaribu. Lakini nimeshakwambia.”

Na kusema kweli, hakuwa amesema bila sababu. Miaka yote kabla ya hapo, wanafunzi wetu viziwi walipokaa kwenye mtihani wa hisabati, wengi waliandika namba zao za mtihani, wakakopi swali moja au mawili, wakalaza vichwa.

*

Silantoi alikabidhiwa Kidato cha Tatu. Walikuwa wanafunzi kumi na wachache, na watatu kati yao lazima niwataje. Resiato alikuwa msichana mwembamba wa Olmotonyi hukohuko alikotoka mwalimu wake, mbishi, asiyekubali jambo mpaka aligeuze upande wa pili. Hans, wa Moshi, aliandika haraka kuliko alivyofikiri. Na Nalepo alikuwa mkimya, ukiniruhusu kusema hivyo kuhusu kiziwi; yaani mikono yake ilikaa mapajani, na ikiinuka ujue ana hakika.

Milinganyo ya kipeo cha pili waliifahamu kwa sura. Waliijua ile kanuni ndefu, wameikariri kama watu wanavyokariri sala ya lugha ngeni: hasi b, jumlisha au toa, kipeuo cha pili cha b mraba toa nne a c, vyote kwa mbili a. Ukiwapa namba waliziingiza, wakitoka na jibu walifurahi, wakikwama walifuta. Hawakujua wanatafuta nini.

Kikwazo kimoja kilikuwa lugha yenyewe. Majibu ya mlinganyo wa namna hiyo huitwa mizizi, na alama pekee tuliyokuwa nayo ya mzizi ilikuwa mzizi wa mti, vidole vinavyozama ardhini. Siku moja Resiato alisimama na kuuliza, “Mti wenyewe uko wapi?” Darasa zima likamtazama Silantoi likingoja mti. Kikwazo cha pili kilikuwa lile neno diskriminanti. Ndilo jina la kile kipande kilicho ndani ya kipeuo, b mraba toa nne a c, na kazi yake ni kukwambia kabla ya yote kama mlinganyo una majibu mawili, au moja, au hauna jibu halisi hata moja. Hatukuwa na alama yake. Kila lilipotajwa ilibidi kulitamka kwa vidole, herufi kwa herufi, na neno ni refu kama barabara ya Dodoma. Silantoi akifika katikati, Hans ameshaangalia dirishani.

Wiki ile aliondoka darasani ameinamisha kichwa. Tulikuwa tunatembea kuelekea kituoni akasimama ghafla.

“Nimewafundisha kama nilivyofundishwa,” akaniambia. “Ubaoni, mstari baada ya mstari. Lakini mimi nilikuwa peke yangu, niliridhika na nilichopata. Hawa ni darasa. Wanataka kuzungumza.”

Kesho yake alikuja na karatasi za manila, kalamu za rangi na rula kubwa ya mbao. Akaligawa darasa makundi matatu. Kila kundi likapewa mlinganyo wake na kuambiwa lisitafute jibu, liuchore tu. Kundi la Hans lilipewa x² − 5x + 6. Kundi la Nalepo likapewa x² − 6x + 9. Kundi la Resiato likapewa x² + 2x + 5. Wakapiga mstari wa x, wakapanga nukta, wakaziunga. Kila kundi lilipata umbo lililopinda kama bakuli. Silantoi akabandika michoro yote mitatu ukutani, kwa mstari mmoja, akarudi nyuma ya darasa, akakaa.

Nao wakatazama.

Bakuli la Hans lilizama chini ya mstari wa x na kutokeza tena, kwa hiyo liliukata mara mbili, kwenye 2 na kwenye 3. La Nalepo lilishuka likaugusa mstari mahali pamoja tu, kwenye 3, likapanda. La Resiato halikufika. Lilining'inia juu.

Resiato ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Alikwenda ukutani akaweka kidole kwenye nafasi tupu kati ya bakuli lake na mstari, akageuka. “Kwa hiyo mzizi ni pale linapokutana na mstari?”

“Ndiyo,” Silantoi akajibu kutoka nyuma.

“Na langu halikutani.”

“Halikutani.”

“Basi nilipokuwa nakokotoa milinganyo kama huu wiki nzima nikikwama, sikuwa mjinga. Hakukuwa na kitu cha kupata!”

Sijui kama nitaweza kueleza uso wake. Alikasirika na kufurahi kwa wakati mmoja. Silantoi akaenda ubaoni, akawaambia wakokotoe kile kipande cha ndani kwa kila mchoro. Ishirini na tano toa ishirini na nne ikabaki moja: chanya, na bakuli linakata mara mbili. Thelathini na sita toa thelathini na sita ikawa sifuri: linagusa mara moja. Nne toa ishirini ikawa hasi kumi na sita: halifiki. Nalepo akaangalia namba, akaangalia ukuta, akaangalia namba tena. Mikono yake ikainuka.

“Hiki kipande kinajua mchoro kabla hujachora.”

“Ndicho kinachoitwa...” Silantoi akaanza kutamka kwa vidole, D, I, S, na Resiato akamshika mkono mwalimu wake. Ndiyo, alimshika mkono! Akamwambia asubiri. Akaulaza mkono wake wa kushoto mbele ya kifua, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, umenyooka kama mstari wa x. Halafu kwa mkono wa kulia akachora bakuli hewani: mara ya kwanza likapita nyuma ya ule mkono na kurudi juu, mara ya pili likaugusa kwa ncha ya kidole, mara ya tatu likaelea.

Yakazuka mabishano ambayo sikuwahi kuyaona. Hans alitaka ngumi badala ya kidole. Mwingine alisema mkono unaolazwa uwe wa kulia kwa wanaotumia kushoto. Hans akauliza, kwa nia ya kuharibu, “Na bakuli likigeuzwa mdomo chini?” Kwa maana a ikiwa hasi mchoro hupinduka. Resiato akafikiri kidogo, akaugeuza mkono wake wa kulia, akapandisha mchoro kutoka chini: ukakata, ukagusa, ukabaki chini bila kufika. Namba ya ndani bado ilisema ukweli uleule. Hans akainua mikono kukubali. Wakapiga kura, na alama ikapita. Kuanzia siku hiyo diskriminanti ilikuwa na jina, na jina lilichukua muda wa kupepesa jicho.

*

Mwalimu Ndesanjo aligundua kwa bahati. Alikuwa anapita varandani akaona kupitia dirishani darasa zima limekunja mikono ya kushoto vifuani na kupunga ile ya kulia. Akaingia akidhani ni karate.

“Kuna nini hapa?”

Nilipomtafsiria Silantoi swali, Resiato akajibu kabla ya mwalimu wake. “Mkuu, shikamoo. Tuandikie mlinganyo wowote ubaoni. Hatutaukokotoa mpaka mwisho. Tutakwambia una majibu mangapi.”

“Marahaba,” akasema mkuu, akaokota chaki. Alikuwa mwalimu wa fizikia kabla ya kuwa mkuu, kwa hiyo alijua anachokifanya. Akaandika 2x² − 7x + 3 = 0. Vichwa vikainama kidogo, halafu mikono ikapita nyuma ya mikono, darasa zima kwa mpigo. Mawili. Mkuu akakokotoa pembeni, arobaini na tisa toa ishirini na nne, ishirini na tano. Akaandika x² + x + 1 = 0. Mikono ikaelea. Akaandika wa tatu, akaficha mtego wa ishara ya kutoa, na hapo Nalepo alimaliza kabla ya Hans kushika kalamu.

Mkuu akaweka chaki chini taratibu. Akanigeukia mimi, kisha akakumbuka, akamgeukia Silantoi. “Madam, nilikosea. Niliwapimia watoto kwa kibaba changu.” Halafu, kwa kuwa ni mtu wa vitendo, akaongeza palepale: “Kuna mashindano ya hisabati ya shule za jiji na za Meru mwezi ujao. Kila mwaka tunapeleka wanaosikia. Mwaka huu shule inawapeleka hawa.”

Walipoelewa, wale watoto walirukaruka mpaka madawati yakasogea.

*

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa shule nyingine mjini. Kila shule ilileta wanafunzi watatu. Wetu walikuwa Resiato, Hans na Nalepo. Utaratibu ulikuwa hivi: timu mbili hukaa jukwaani kwenye meza moja ndefu, mwamuzi anasoma swali kwa sauti, anayejua anagonga kengele. Ukikosea, au ukijibu nusu, swali linakwenda upande wa pili.

Tatizo lilionekana kabla hatujakaa. Mwamuzi, Mwalimu Ludovick, mzee mstaafu mwenye miwani ya kamba, alisoma swali la mazoezi, nami nikaanza kutafsiri, na kabla sijafika mwisho wa sentensi upande wa pili umeshagonga. Silantoi akapanda jukwaani. Mimi nikasimama pembeni na kutoa sauti yake.

“Mwalimu, shikamoo. Naomba maswali yaandikwe ubaoni.”

Mwalimu wa timu moja akanyanyuka kule chini. “Huo ni upendeleo!” Alikuwa ananiambia mimi. “Dada, mwambie kila mtu hapa anafuata sheria moja.”

Silantoi akampungia mkono mpaka akamtazama yeye. “Andikeni ubaoni kwa ajili ya wote,” akasema. “Wanafunzi wako watasoma, wangu watasoma. Maandishi yatamdhuru nani?”

Mwalimu Ludovick akavua miwani, akaifuta kwenye shati. “Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote,” akasema, “na sijawahi kutatua mlinganyo kwa kuusikia. Leteni ubao.”

Kuanzia hapo ilikuwa kama kumfungulia ndama aliyefungwa asubuhi nzima. Tulishinda raundi ya kwanza. Raundi ya pili lilikuja swali: bila kutafuta majibu, taja milinganyo hii mitatu kila mmoja una majibu halisi mangapi. Mwamuzi hajamaliza kuandika nukta ya mwisho, Nalepo ameshagonga, na wote watatu wakaonyesha pamoja: likakata, likaelea, likagusa. Mwalimu Ludovick akasimama na chaki mkononi.

“Ndiyo nini hiyo?” akauliza.

“Ndilo jibu,” nikatafsiri. “Mawili, hakuna, moja.”

“Sijauliza jibu. Nauliza hiyo mikono.”

Resiato akamweleza, na yule mzee, mbele ya watu wote, akaulaza mkono wake wa kushoto kifuani na kujaribu. Akarudia. Akacheka peke yake kwa furaha.

Fainali ilikuwa kati yetu na timu ya shule ya bweni, vijana watatu wenye tai, wazuri kwelikweli, wasioringa. Tulikwenda nao alama kwa alama mpaka mwisho, tukawa sawa. Likabaki swali moja. Mwalimu Ludovick akaandika: x² + kx + 16 = 0. Tafuta k ili mlinganyo uwe na jibu moja tu.

Kengele ya upande wa pili ililia kwanza. “k ni nane!” kijana wao akasema, na wenzake wakaanza kukumbatiana.

“Jibu halijakamilika,” akasema Mwalimu Ludovick. “Swali linakwenda upande wa pili.”

Nilitazama karatasi ya Hans. Alikuwa ameandika nane vilevile, na amekwama, jasho linamtoka puani. Alikuwa na uhakika na hesabu yake: k mraba toa sitini na nne iwe sifuri, basi k ni nane, kinakosekana nini? Nalepo alikuwa amekaza macho mezani. Silantoi alikuwa amekaa chini kabisa, mstari wa mbele, na sheria hazikumruhusu kuinua hata kidole. Alikuwa amekalia mikono yake yote miwili. Nilimwona.

Resiato akaulaza mkono. Akalishusha bakuli, likagusa karibu na kiwiko. Akatulia. Akalitazama. Halafu akaliinua, akalisogeza polepole juu ya mkono, akalishusha tena upande wa pili, likagusa karibu na kifundo. Kugusa mara moja tu, lakini mahali pengine. Akawageukia wenzake, macho yamemtoka.

“Katikati ni sifuri,” akasema. “Linaweza kugusa huku, au kule. Mabakuli ni mawili!”

Hans akaipiga meza kofi. Nalepo akagonga kengele.

“Nane,” nikawatolea sauti, “na hasi nane.”

“Kwa nini?” akauliza mwamuzi.

Resiato akaenda ubaoni mwenyewe. Akaandika k² − 64 = 0, akaandika k = 8 na k = −8. Chini yake akaandika (x + 4)² kwa ile ya kwanza na (x − 4)² kwa ile ya pili, akaandika kando na kuzungushia hasi nne na chanya nne, mahali ambapo kila bakuli lingegusa. Akaweka chaki chini, akasubiri.

Mwalimu Ludovick hakutangaza kwa mdomo. Alinyoosha mkono wake wote kuelekea timu yetu.

Ukumbi ulilipuka. Wale vijana wenye tai, walioshindwa kwa alama moja, walianza kuipiga meza kwa viganja, na kwa kuwa ilikuwa meza moja, watoto wetu walihisi shangwe ikiwapanda mikononi. Nalepo alikandamiza viganja vyake mezani hapo, akafumba macho, akatabasamu. Mwalimu Ndesanjo alikuwa amesimama juu ya kiti, mtu mzima wa kilo zaidi ya tisini. Silantoi alipanda jukwaani mbio, na wote wanne wakawa wanazungumza kwa wakati mmoja, mikono ikigongana, mpaka hata mimi sikufuata tena.

*

Jumamosi iliyofuata mzee Lemburis alichinja mbuzi, nasi tukaalikwa Olmotonyi, pamoja na wazazi wa Resiato ambao ni majirani. Mzee hakuwahi kuzijua alama vizuri. Alizo nazo ni za mifugo na chakula, walizojitungia yeye na binti yake tangu zamani. Baada ya kula akaniita nikae kati yao.

“Muulize mwanangu,” akasema, “hicho walichoshinda nacho ni kitu gani.”

Silantoi akakaa mbele yake, akaulaza mkono, akamwonyesha taratibu: mawili, moja, hakuna. Mzee alitazama kwa makini kama anayekagua ng'ombe wa mnadani.

“Kwa hiyo,” akauliza, “unajua kama kuna jibu kabla hujaanza kulihangaikia?”

“Ndiyo, baba.”

Mzee akatazama masikio ya binti yake. “Hiyo ningekuwa nayo,” akasema, “nisingekuzungusha kwa waganga.”

Nilitafsiri neno kwa neno. Silantoi akamshika baba yake magoti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mzee naye akaanza kucheka, na yeyo akatokeza jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Mwaka uliofuata watoto wale walifanya mtihani wa taifa. Wote walifaulu hisabati isipokuwa wawili, na kati ya hao wawili mmoja amerudia na kufaulu. Resiato yuko Kidato cha Tano anasoma fizikia na hisabati, na bado ni mbishi. Walimu wa shule nyingine za viziwi walikuja kuiona ile alama. Wengine wanapendelea bakuli lichorwe kwa kiganja kizima, wengine kwa kidole, na Silantoi anawaachia wabishane. Anasema lugha inayobishaniwa iko hai.

Na muhula huu limetokea jambo ambalo Mwalimu Ndesanjo alilipendekeza mwenyewe. Silantoi amepewa pia mkondo wa wanaosikia. Siku ya kwanza tuliingia tukakuta darasa limejaa, vijana zaidi ya hamsini, kelele kama mnada wa ng'ombe. Walipomwona mwalimu kiziwi na mkalimani wake, kelele zikazidi. Wengine walitaka kuona atafanya nini. Silantoi alisimama mbele yao, ametulia, akaangalia midomo yote ile ikichezacheza. Kisha akainua mikono, na mimi nikatoa sauti.

“Pigeni kelele mpendavyo, mimi hazinisumbui hata kidogo. Lakini nina macho ya ziada, na anayetazama dirishani nitamwita ubaoni.”

Wakacheka, wakanyamaza, wakamtazama. Silantoi akachukua chaki akaandika mlinganyo wa kwanza.